Fani Mbili kwa Mtu Mmoja

Huenda ukashangaa kuona mzee aliyepita umri wa miaka 70, ambaye maisha yake yote yamekwisha katika vumbi la chaki, akikaa kuandika uhakiki wa mchezo wa kompyuta. Mimi mwenyewe nilishangaa. Lakini kila mchezo wenye kanuni ni kitabu cha aina yake. Anayetunga kanuni za nani aruhusiwe kufanya nini, na kwa gharama gani, amekwisha kusema jambo juu ya binadamu, apende asipende. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulihakiki hapa.

Mchezo wenyewe nimeujua kwa mjukuu wangu. Kijana huyu alisomea ualimu akahitimu, akangoja ajira kama wenzake wengi wanavyongoja siku hizi, na alipochoka kungoja akafungua kibanda cha kutengeneza simu hapa Mpanda mjini. Jioni akifunga kazi huja nyumbani na kompyuta yake ya mtumba, hukaa barazani, na umeme ukiwapo hucheza. Mchezo wake ni wa zamani. Unaitwa Baldur's Gate, ulitolewa mwaka 1998 na kampuni ya BioWare ya Kanada, na sehemu yake ya pili ikafuata mwaka 2000. Mchezaji huongoza kundi la wasafiri wasiozidi sita katika nchi ya kubuni yenye misitu, mapango na majitu. Kila msafiri ana fani yake: huyu ni askari, yule kuhani, yule mwizi wa kufungua makufuli, na yule mtu wa sihiri. Huyu wa mwisho mjukuu wangu humwita mchawi. Nimemkataza neno hilo nyumbani kwangu, kwa sababu katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa neno hilo, na si neno la kuchezea. Katika ukurasa huu nitamwita msihiri.

Kanuni hizo hazikubuniwa na watu wa kompyuta. Zilirithiwa kutoka mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kuchapishwa mwaka 1974. Toleo lake la pili la kanuni kubwa, la mwaka 1989, ndilo lililotiwa ndani ya Baldur's Gate. Kwa hiyo tunaposoma mchezo huu tunasoma mawazo ya watu wa miaka ya sabini na themanini juu ya kazi, elimu na cheo.

Nianze na sifa, maana mhakiki asiyeona jema ni mgomvi tu. Wazo la fani ni zuri kwa sababu linamnyima mtu. Askari ana nguvu lakini hawezi kusoma hati za sihiri. Msihiri anaweza kuwasha moto kwa maneno, lakini akivaa deraya maneno yake hayafanyi kazi, na pigo mbili za rungu zinatosha kumlaza. Mwizi hufungua mlango, lakini hawezi kusimama mbele ya jitu lililo nyuma ya mlango huo. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayefika mbali peke yake. Nimefundisha kwa miaka mingi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mchezo huu unalifundisha jambo hilo bila kulitamka, kwa kumwua kila anayelipuuza, naye mchezaji hujifunza haraka kuliko darasa langu lilivyojifunza.

Tatizo, na hapo ndipo ladha ya mchezo ilipo, linakuja pale mtu mmoja anapotaka fani mbili. Watunzi waliweka njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wale wasio binadamu, kama vile elvu, watu wa msituni wenye masikio marefu. Hao huruhusiwa kushika fani mbili kwa pamoja tangu mwanzo, na baadhi ya jamii hata tatu. Gharama yake ni kwamba kila alama ya uzoefu wanayoipata hugawanywa sawa kwa sawa. Elvu aliye askari na msihiri, akifikisha alama 128,000, huwa na 64,000 za askari na 64,000 za usihiri, na huwa yuko ngazi ya 7 katika fani zote mbili. Binadamu wa fani moja mwenye alama hizo hizo 128,000 huwa ni askari wa ngazi ya 8. Yaani, aliyegawa maisha yake mara mbili amepitwa kwa ngazi moja tu! Sababu yake ni kwamba ngazi za juu huhitaji karibu maradufu ya alama za ngazi iliyotangulia. Mwanzo wa kila elimu ni rahisi, kilele chake ni ghali. Mwalimu yeyote anajua hivyo.

Njia ya pili ni ya binadamu peke yao. Binadamu hawezi kushika mbili kwa pamoja. Anaweza kuhama. Askari mwenye nguvu zisizopungua 15 na akili isiyopungua 17 anaweza siku moja kuacha uaskari na kuanza usihiri katika ngazi ya 1. Tangu hapo hatapanda tena katika uaskari kamwe. La ajabu zaidi ni kwamba ustadi wake wa zamani hulala. Mikono ile ile iliyokuwa ikiangusha majitu sasa haijui kushika upanga. Hubaki hivyo mpaka ngazi yake ya usihiri iipite ngazi ya uaskari aliyoiacha. Aliyehama akiwa ngazi ya 7, yaani kwa alama 64,000, lazima afike ngazi ya 8 ya usihiri, kwa alama nyingine 90,000. Siku hiyo uaskari wake wote humrudia, naye huwa na fani mbili kamili.

Niliposikia kanuni hii kwa mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia mjukuu wangu, "Hawa waliotunga hawajafika Katavi." Kwetu hapa ni binadamu ndiye anayeshika mbili na tatu kwa pamoja. Mtu wa misitu ya miombo hulima masika, na kiangazi hupanda miti kurina asali katika mizinga ya magome, na katikati ya hayo alikuwa mwindaji. Jirani zetu Wafipa walikuwa na mafundi wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo waliyoyaita malungu. Fundi mkuu wa ilungu alikuwa mtu wa moto na pia mtu wa dawa, kwa maana tanuri lisilotiwa dawa halikuaminiwa kutoa chuma. Fani mbili katika mtu mmoja, na hakuna aliyemwambia alaze moja. Mtu mwenye mshahara mmoja wa kudumu ndiye anayeweza kuamini kwamba binadamu ni wa kazi moja. Mwalimu wa Tanzania, aliyekuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba ya shule na kuku chini ya ghala, hakuamini hivyo hata siku moja.

Hata hivyo, tusiharakishe kuwahukumu watunzi. Wahenga wetu nao walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa hiyo ubishi huu uko hata ndani ya lugha yetu.

Sasa nije kwenye hila, maana wachezaji wa mchezo huu ni mashuhuri kwa kutafuta mianya. Mwanya wa kwanza unahusu askari wa pekee aliyeletwa katika sehemu ya pili, aitwaye Kensai. Huyu ni bingwa wa upanga. Kila ngazi tatu anazopanda, shabaha yake na uzito wa pigo lake huongezeka. Ili kulipia ustadi huo, mtunzi amemkataza kuvaa deraya na kutumia silaha za kurusha. Ni adhabu nzito kwa askari. Lakini wachezaji waligundua kwamba Kensai wa ngazi ya 9, aliyegharimu alama 250,000, akihamia usihiri na kufika ngazi ya 10, kwa alama nyingine 250,000, adhabu yake huyeyuka. Msihiri hahitaji deraya, na anazo kinga za maneno zilizo bora kuliko chuma. Hivyo hubaki na faida ya Kensai, na gharama ikalipwa na hewa.

Je, huo ni wizi? Nadhani sivyo. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na mchezaji amelipa kwa muda mrefu wa udhaifu, akiwa msihiri mchanga anayejificha nyuma ya wenzake. Anayecheza bao anajua kwamba uzuri wa mchezo ni kuona shimo ambalo mwenzako hakuliona. Kete ni zile zile 64, mashimo ni yale yale 32, lakini macho hayalingani. Kensai msihiri ni uchezaji mzuri wa bao, na kama kuna lawama, ni ya aliyeweka adhabu bila kuangalia nani ataisikia na nani hataisikia.

Mwanya wa pili ni wa aina nyingine. Msihiri akinakili hati ya sihiri katika kitabu chake hupewa alama za uzoefu, na hilo ni haki, kwa kuwa amejifunza. Lakini mchezo unamruhusu pia kufuta alichokiandika. Basi wachezaji hununua nakala kadhaa za hati ile ile, huandika, hufuta, huandika tena, na kila mara alama huongezeka. Wengine hukusanya hati begi zima kabla ya kuhama fani, kisha huziandika zote kwa siku moja, na msihiri wa ngazi ya 1 hupanda ngazi kadhaa bila kutoka chumbani. Kipindi cha udhaifu, ambacho ndicho kilikuwa bei ya kuhama, hukwepwa kabisa.

Huu siupendi, na sababu yangu si kwamba ni hila. Siupendi kwa sababu naufahamu mno. Nimeona watu wakihudhuria semina ile ile miaka mitatu mfululizo, wakisaini ile ile karatasi ya mahudhurio, wakirudi na cheti kipya cha jambo walilolisahau. Nimeona mwanafunzi akikariri majibu ya mtihani, akayafuta kichwani siku ya pili yake, akayakariri tena muhula uliofuata. Alama zilipanda, lakini elimu haikuongezeka. Mahali hapa mchezo umeshindwa kutofautisha kujua na kusajiliwa kuwa umejua. Kwa kazi inayojigamba kuwa inapima uzoefu, hilo ni kosa kubwa. Lakini ni nani kati yetu wa idara ya elimu atakayeshika jiwe la kwanza?

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Babu, kwa hiyo ile kanuni ya ustadi kulala, nayo ni ya uongo?"

Nikanyamaza. Nilitaka kusema ndiyo, ni uongo, ustadi haulali. Badala yake nilimkumbuka mlinzi.

Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji ya Burundi na kuingia nchini, na mkoa huu ukawapokea katika makazi ya Katumba. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Waliolengwa hasa katika mauaji yale walikuwa wasomi, wakiwamo walimu. Hao ndio walioshuka hapa na majembe ya msaada mikononi. Mwaka 2014 wengi wa watu hao na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania, lakini ninayoyasimulia yalitokea zamani kabla ya hapo.

Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa mkuu wa shule ya msingi, kijana mwenye bidii na mwenye kujiona. Tulikuwa na upungufu mkubwa wa walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe shule, wakaandikishwa. Walimu wakapatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza huku wakifundisha. Shule yangu ilikuwa na mlinzi, mtu wa makamo, mkimbizi, mkimya. Jioni moja nilipita darasani nikaona taa ya chemli. Ndani walikuwamo wanafunzi kumi na wawili hivi wa darasa la saba, na mlinzi alikuwa ubaoni. Alikuwa akifundisha sehemu, kugawanya sehemu kwa sehemu, mahali ambapo mwalimu wangu wa hesabu mwenyewe alikuwa akipaparika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Hesabu yake haikuwa ya kuungaunga. Alichora mkate ubaoni, akaukata, akauliza, akangoja. Mtoto aliyekuwa hajawahi kunyoosha mkono darasani alinyoosha.

Nilimwita nje. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika, "Bwana, kazi yako ni lango." Niliogopa mkaguzi. Niliogopa kuulizwa mtu asiye na cheti kinachotambulika anafanya nini ubaoni. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda langoni. Watoto wakatawanyika. Hakufundisha tena. Sikumwuliza alisoma wapi. Miaka mingi baadaye, yeye akiwa amekwisha kuondoka, mtu aliyetoka kijiji chake aliniambia kwamba kabla ya 1972 alikuwa akifundisha hesabu shule ya sekondari.

Basi nimjibu nini mjukuu wangu? Kanuni ile si ya uongo. Ustadi wa mtu hulala, ila haulali wenyewe. Hulazwa. Aliyeulaza wa mlinzi wangu si mtunzi wa Marekani. Ni mimi.

Nikiirudia kanuni ile sasa, naona ina huruma ambayo mimi sikuwa nayo. Inamwambia anayehama: utaanza chini, utadharauliwa, utaonekana hujui kitu, lakini kuna ngazi iliyoandikwa, unaijua idadi yake, na siku utakapoifika vyote ulivyoviacha utarudishiwa. Mlinzi wangu hakupewa ngazi. Ulinzi hauna ngazi ya 8 wala ya 10. Mtu hulinda lango mwaka wa kwanza kama anavyolinda mwaka wa ishirini. Mtu akihamishiwa mahali pasipo na ngazi, ustadi wake wa kwanza hauwezi kuamka mpaka kufa kwake. Mtunzi wa mchezo alilifikiria jambo hilo kwa ajili ya askari wa kubuni. Mimi sikulifikiria kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele yangu ameshika chemli.

Inabaki niseme neno juu ya matoleo ya baadaye, maana mhakiki hana budi kulinganisha. Mwaka 2000 Dungeons & Dragons ilipata toleo la tatu, na humo ukuta ulibomolewa. Mtu wa jamii yoyote, kila anapopanda ngazi, huchagua fani yoyote ya kupandia. Kanuni hizo ziliingia katika mchezo wa Neverwinter Nights wa mwaka 2002, uliomruhusu mtu fani hadi tatu. Ustadi haulali tena. Kwa upande wa haki ni hatua kubwa. Lakini papo hapo ulizaliwa ujanja wa kuonja: ngazi mbili hapa, moja pale, kila mahali mtu anachuma tunda la chini na kuondoka. Katika Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, wachezaji huchukua ngazi mbili tu za uaskari ili wapate uwezo wa kutenda mara mbili kwa zamu moja, kisha huuaga uaskari. Tena humo yupo mifupa mmoja anayezungumza ambaye, kwa vipande 100 vya dhahabu, humfutia mtu fani zake zote akachagua upya. Kompyuta ya mjukuu wangu haiwezi kuubeba mchezo huo. Tulitazama wengine wakiucheza, kwenye simu.

Ni mchezo wa fahari, sikatai. Lakini pale ambapo kosa hufutwa kwa vipande 100, uchaguzi hauna uzito, na msafiri hana historia. Ana hesabu tu. Askari wa mwaka 1998 aliyehama alikuwa na kovu. Ukimwona ameshika upanga tena baada ya kuvuka zile alama 90,000, unajua alikotoka. Kwa sababu hiyo, nikiulizwa ni kanuni ipi bora kwa maisha, nitasema ya mwaka 2000. Nikiulizwa ni ipi iliyosema kweli zaidi juu ya maisha, nitasema ile ya zamani, pamoja na ukali wake na mianya yake.

Juzi nilikwenda sokoni, nikapita kibandani kwa mjukuu wangu. Vijana wawili wanaojifunza kazi walikuwa wamekaa kwenye benchi, na mbele yao simu iliyofunguliwa tumbo. Mmoja aliuliza kwa nini haiwaki. Mjukuu wangu alikuwa na bisibisi mkononi na angeweza kumwonyesha kwa nukta moja. Hakumwonyesha. Alichora mstari kwenye kipande cha boksi, betri upande huu, swichi upande ule, akauliza, akangoja.

Sikumwita nje. Nilimpa shikamoo yake jibu, nikaketi pembeni ya benchi, nikangoja pamoja nao.